Msaada: Mipaka ya viwanja imeharibika kwenye QGIS (programu ya bure ya ramani), narudishaje?

Penseli_Moja: Wakuu, nina leya (tabaka la ramani) ya viwanja 214, natengeneza ramani ya urasimishaji, watu watambulike kisheria. Mistari ilikuwa na nukta nyingi, kompyuta ikawa inakwama, nikairahisisha kwa mita 5, yaani nikapunguza nukta. Sasa kati ya viwanja kuna mapengo, vingine vimepandana. Ctrl+Z haifanyi kitu. Picha ya skrini nimeiweka hapa. Nakabidhi keshokutwa.

Kokoto: Hamia programu ya kulipia mkuu. Za bure zitakupa presha.

Nukta37: Programu haina kosa. Ulirahisisha nakala au faili lenyewe?

Mama_Shamba: Mimi nimeshtuka hapo kwenye urasimishaji. Jirani yangu alisogeza mchongoma hatua moja tu, tukafikishana baraza la kata. Mwanangu, mipaka ya watu hairahisishwi!

Penseli_Moja: Shikamoo mama. Ni kwa ajili ya muonekano tu.

Nukta37: Hujanijibu.

Penseli_Moja: Faili lenyewe. Niliwasha penseli (kitufe cha kuhariri), nikachagua vyote, nikahifadhi, nikazima mashine. Nakala sina. Ila nimeshaanza kuchora upya juu ya picha ya setilaiti, viwanja 30 tayari na vimekaa vizuri. Mabati yanaonekana kabisa.

Mama_Shamba: Bati si mpaka.

Zinga: Umenikumbusha 2015, nipo chuo, tunachora Dar na mradi wa Ramani Huria. Nilivuta mtaro ukapita juu ya nyumba za watu, jasho likanitoka. Mwenzangu akaurudisha, maana tulichora kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, na inatunza historia ya kila badiliko. Shapefile, aina ya faili la ramani kama lako, haina historia. Ukihifadhi, ndiyo imetoka.

Nukta37: Na hukuhitaji kugusa data. Kwenye mtindo wa leya kuna Geometry Generator, unaandika simplify($geometry, 5) basi. Ramani inaonyesha mistari myepesi, nukta zako zimelala salama kwenye faili. Hata zana ya kurahisisha iliyo kwenye menyu ya Processing, penseli ikiwa imezimwa, inakupa leya mpya.

Kipanga: Hii chai. Picha uliyoweka ina safu "mmiliki_wa_kiwanja" na faili linaishia .shp. Jina la safu kwenye shapefile halizidi herufi 10. Umetunga.

Kokoto: 😂 Kumbe tunalishwa matango pori.

Penseli_Moja: Sijatunga, naapa. Hilo refu ni alias, jina la kuonyesha tu, nimeweka mimi lisomeke. Safu yenyewe inaitwa "mmiliki_wa".

Nukta37: Mmiliki wa nini? Hesabu: m-m-i-l-i-k-i-_-w-a. Kumi kamili. Hakuna anayeita safu hivyo kwa kupenda, limekatwa. Kuna faili lingine lenye jina refu, hili lako limetolewa humo. Nani alikupa?

Penseli_Moja: Dogo aliyezunguka mtaani na simu. Alinipa kwenye flashi.

Nukta37: Mpigie sasa hivi.

Kipanga: Samahani mkuu, nilikuhukumu mapema.

Penseli_Moja: Amepokea! Anasema simu yake bado ina kila kitu, hajafuta. Nakwenda kuchukua.

Nukta37: Kabla hujalifungua, tengeneza nakala mbili. Moja usiiguse kamwe.

Mama_Shamba: Na vile 30 vya mabati, umeshampa mtu?

Penseli_Moja: Mwenyekiti wa mtaa, jana jioni. Nimemchapishia kabisa. Alfajiri nipo mlangoni kwake.