Ukoo wa Machame: tiketi za Krismasi

Aneth: Shikamoo mama, shikamooni wakubwa wote humu. Jamani mwaka huu tunakuja Krismasi wote 4, nimeshaongea na Baba Joshua amekubali. Ila nimekaa na simu tangu nitoke kazini naangalia tiketi Manchester mpaka uwanja wa Kilimanjaro, KIA, tarehe 19 Desemba kurudi 3 Januari, ni pauni 1,240 mtu mmoja. Mmoja!! Mwenye njia anisaidie

Mama: Marahaba mwanangu. Mungu ni mwema. Mtoto kikohozi kimepona?

Aneth: Kimepona mama, anakula vizuri

Eliamani: Karibuni sana mdogo wangu. Hiyo bei ni ya kwenda na kurudi au kwenda tu

Aneth: Kwenda na kurudi kaka. Mara 4 hapo sijaweka hata zawadi

Baba Mdogo: Njooni kupitia Dar. Mimi enzi zile nasoma nje nilikuwa nashuka Dar napanda basi asubuhi jioni niko nyumbani. Ndege za Dar ni nyingi, bei lazima iwe chini

Godi: Baba Mdogo Desemba ya sasa hivi si ya enzi hizo, kuanzia tarehe 18 Dar kwenda Moshi siti ya basi unaitafuta kwa tochi, LATRA wanaosimamia mabasi wanatoa vibali vya magari ya ziada na bado watu wanalala stendi pale Magufuli. Dada akishuka na mtoto mdogo na mabegi aanze kugombania gari?

Godi: Dada kuna jamaa kanitumia hii, anauza tiketi za ndege NUSU BEI mashirika yote, unalipa kwa simu anakutumia tiketi WhatsApp. Nikupe namba?

Ndeshi: Godi hapana. Hapana kabisa. Nimetoka kazini sasa hivi nimekuta hii, naomba mtu yeyote kwenye hili grupu asitume hela kwa huyo mtu

Ndeshi: Mimi nakaa ofisi ya tiketi hapa Arusha kila siku naona watu wanakuja wanalia. Huyo anachofanya, ama anakata tiketi kwa kadi ya benki ya wizi, mwenye kadi akishalalamika shirika linafuta tiketi na wewe uko foleni uwanjani, ama anakushikia nafasi tu bila kulipia, anakutumia karatasi ina jina lako na namba ya buking ya herufi 6, unaona kweli ipo hata kwenye mtandao wa shirika ipo, kumbe ni nafasi imeshikwa na baada ya siku moja mbili inajifuta yenyewe. Buking siyo tiketi. Tiketi ina namba yake ya tarakimu 13, tatu za mwanzo ni za shirika, Ethiopian ni 071, KLM 074, Qatar 157, Turkish 235. Kama hujaona hiyo namba hujanunua kitu

Eliamani: Hii niliisikia kwa jirani yangu hapa Soweto Moshi, mtoto wake alizuiwa uwanjani na alishalipa kila kitu. Asante Ndeshi, Godi futa hiyo namba

Godi: Nimefuta

Aneth: Ndeshi dada angu nisaidie basi. Nimeona pia Nairobi, Manchester mpaka Nairobi ni 1,010. Nashusha pauni 230 kila mtu halafu tunapanda shato, yale mabasi madogo ya kupita mpaka wa Namanga

Ndeshi: Hilo ndilo watu wanalifanya sana na wengine linawafaa, nikwambie ukweli. Mtu peke yake, pasi ya Tanzania, begi moja, anafika Nairobi asubuhi, anapanda shato, mchana yuko Arusha, huyo namwambia nenda. Lakini nyie siyo hao. Baba Joshua na watoto wana pasi ya Uingereza si ndiyo?

Aneth: Ndiyo, ya Tanzania ninayo mimi tu

Ndeshi: Basi sikiliza. Hao watatu kutoka nje ya uwanja Nairobi lazima waombe eTA, kile kibali cha mtandaoni cha kuingia Kenya, kabla ya safari, hata mtoto mdogo anaombewa, mtu mzima ni dola 30 na zaidi. Halafu mkifika Namanga upande wetu mnatoka Kenya, Kenya iko kwenye orodha ya homa ya manjano, mtaulizwa kadi ya njano ya chanjo. Wewe unayo ya zamani na bado inafanya kazi, siku hizi chanjo moja ni ya maisha, haiishi miaka 10 kama zamani. Hao wengine watachanjwa huko kwenu na hiyo chanjo NHS, hospitali za serikali huko, hawaitoi bure, mnalipa kliniki binafsi. Ongeza shato watu 4 kwenda na kurudi, ongeza kulala Nairobi kwa sababu ndege yenu inaweza kutua usiku na shato zimeshaondoka, na kurudi vilevile mtalala maana ukitegemea kutoka Machame siku hiyohiyo kuwahi ndege na boda ya Desemba ina foleni, mimi sikushauri. Piga hesabu uone

Aneth: Subiri

Aneth: Nimepiga. Chanjo hapa ni kama 75 kila mtu. Yaani ile 920 niliyodhani naokoa inabaki kama pauni 200 na kidogo, watu wote 4

Ndeshi: Na siku 2 za likizo zimeishia njiani. Ndiyo maana mimi nauli naihesabu mpaka mlangoni kwa mama, siyo mpaka uwanja wa kwanza. Uwanja wa kwanza una bei nzuri kila siku

Baba Mdogo: Hapo umesema mwanangu

Eliamani: Hiyo kadi ya njano kwani wakipita Addis hawaulizwi? Ethiopia si iko kwenye orodha pia

Ndeshi: Iko, lakini kuunganisha ndege tu ndani ya uwanja chini ya masaa 12 haidaiwi. Ikizidi 12 au ukitoka nje ya uwanja ndipo inadaiwa. Kwa hiyo Aneth ukiona tiketi ya Addis ina kusubiri masaa 15 eti kwa sababu ni rahisi, usiichukue

Mama: Mtoto asilale uwanja wa ndege jamani

Aneth: Hatalala mama. Ndeshi kwa nini lakini KIA iwe ghali hivi, safari ya mwezi wa kumi niliyoangalia ilikuwa karibu nusu

Ndeshi: Kwa sababu siti ni chache na wanaozitaka Desemba ni wengi kwa wakati mmoja. Sisi Wachagga wote tunarudi nyumbani, na wageni nao wanakuja kufunga mwaka, huyu anapanda mlima, huyu anaenda Serengeti, na wote wanashuka KIA. Mashirika yanajua. Na ndani ya ndege siti za nyuma zote zinafanana lakini zimegawanywa mafungu ya bei, fungu la chini likiisha kompyuta inahamia la juu yake. Hakuna cha Jumanne usiku wa manane wala kujificha kwenye brauza, bei haipandi kwa sababu umeangalia, inapanda kwa sababu watu wamenunua. Ndiyo maana nafurahi unauliza Septemba, wa Novemba nawaonea huruma

Aneth: Kwa hiyo ninunue tu hiyo 1,240?

Ndeshi: Hapana tulia. Kwanza tarehe. 19 ni Jumamosi shule zimefungwa jana yake, Uingereza nzima inasafiri siku hiyo. Huwezi kuondoka kabla?

Aneth: Joshua yuko sekondari dada, ukimtoa bila ruhusa siku 5 za shule wanapiga faini, pauni 80 kila mzazi na ukichelewa kulipa inakuwa 160. Na hata bila faini sitaki, ana mitihani

Ndeshi: Sawa kabisa shule kwanza. Basi angalia mbele siyo nyuma, Jumatatu tarehe 21, mnafika 22. Tumia ile Google Flights, ukibonyeza tarehe inafungua kalenda bei ya kila siku unaiona. Pili, nilisikia mnataka kwenda kwa mama mkwe?

Aneth: Ndiyo mwaka mpya lazima tuwe Mbagala, Baba Joshua hajamwona mama yake siku nyingi. Nilipanga twende Dar tarehe 30 halafu turudi Moshi tarehe 2 tuwahi ndege

Ndeshi: UNAONA SASA. Kwa nini urudi Moshi?

Aneth: Si tiketi ni ya KIA

Ndeshi: Ingieni KIA mtokee Dar! Kwenye kutafuta usibonyeze kwenda na kurudi, bonyeza ile ya miji mingi, unaandika Manchester–KIA tarehe 21, halafu Dar–Manchester tarehe 3. Tiketi moja. Ethiopian, Qatar, Turkish, KLM wote wanafika KIA na Dar, mara nyingi bei inakaa karibu na ile ya kawaida. Ila usinunue kwenda peke yake na kurudi peke yake, kwa mashirika haya makubwa ukikata nusunusu mara nyingi unalipa zaidi

Godi: Na mimi tarehe 30 narudi Dar na gari, Noah, niko na mke wangu tu, nawabeba wote na mabegi. Msitafute basi kabisa

Mama: Godi ubarikiwe. Usikimbize gari

Aneth: Jamani nyie. Naangalia sasa hivi

Eliamani: Wakati anaangalia, ubatizo wa mtoto, mchungaji amesema Jumapili tarehe 27 ibada ya kwanza. Kwa hiyo kufika 22 kunatosha, mbuzi nishaongea na mtu wa kule juu anatuwekea

Aneth: IMEKUBALI. Kupitia Addis, kusubiri masaa 4. Kwa mtu mmoja inasema 985! Nikiweka watu 4 inasema 1,090 kila mmoja?? Imebadilika hapohapo mbele ya macho yangu

Ndeshi: Haijabadilika, ni lile fungu. Lina siti chache kuliko mnazotaka, na kompyuta ukiomba siti zote pamoja inawapeleka wote fungu la juu ambako mnatosha. Jaribu watu wawili

Aneth: Watu wawili 985

Ndeshi: Basi kata mara mbili. Baba Joshua na Joshua buking moja kwa 985, wewe na mtoto nyingine kwa hiyo ya juu. Kila mtoto awe na mzazi ndani ya buking yake, hilo usikosee. Ukimaliza piga simu shirika waambie buking hizi mbili ni familia waziunganishe, ili ndege ikibadilishwa ratiba msitenganishwe

Ndeshi: Na huyo mdogo anatimiza miaka 2 lini?

Aneth: Tarehe 28 Desemba. Nilitaka nimpakate, si wanalipa kidogo

Ndeshi: Wa kupakatwa analipa kama asilimia 10 ya mtu mzima, lakini mpaka siku anapotimiza 2. Kwenda bado hajatimiza, kurudi ameshatimiza, anatakiwa kiti chake. Mweke kama mtoto mwenye kiti kwenda na kurudi, usiku mzima kumpakata mtoto wa umri huo utafika umechoka hata kuongea na mama huwezi. Andika tarehe za kuzaliwa za kweli za watoto wote wawili, maana ile kodi ya abiria ya Uingereza aliye chini ya miaka 16 daraja la kawaida halipi, Joshua ana 14 hivyo wote wawili wanatolewa

Aneth: Sikulijua hilo. Kwa hiyo Joshua inashuka tena

Ndeshi: Inashuka. Na nunua kwenye mtandao wa shirika lenyewe siyo vile vitovuti vinavyokuja juu kwa bei ya pauni 15 chini, ratiba ikibadilika shirika litakwambia rudi kwa uliyenunua kwake na hao hawapokei simu. Na msiruke kipande chochote cha tiketi, ukikosa cha kwanza vya mbele vyote vinafutwa

Baba Mdogo: Viza za mkwe na watoto je

Ndeshi: Vizuri Baba Mdogo. Pasi ya Uingereza ni dola 50 kila mmoja, waombe kwenye tovuti ya Uhamiaji yenyewe inayoishia na go.tz, ziko nyingine zimetengenezwa zifanane nayo zinachukua mara mbili yake

Aneth: Jina langu kwenye pasi ni la kwetu bado, kwenye kadi ya benki ni la mume. Shida?

Ndeshi: Siyo shida kadi iwe na jina lolote, tiketi iandikwe kama pasi herufi kwa herufi

(saa moja baadaye)

Aneth: Nimemaliza. Buking mbili, barua pepe zimekuja, namba za tiketi nimeziona zote 4, zinaanza 071. Mabegi mawili ya kilo 23 kila mtu imeandikwa. Ukilinganisha na ile bei ya mwanzo na watoto walivyoshuka nimeokoa zaidi ya pauni 800, na Moshi–Dar kwenda na kurudi sijalipa

Ndeshi: Nitumie namba pembeni siyo humu, kesho ofisini naziangalia kama ziko hai kwenye mfumo. Humu msitume picha ya tiketi, mtu akiwa na namba ya buking na jina anaweza kuingia akaichezea

Aneth: Sawa nakutumia sasa. Dada Ndeshi Mungu akuzidishie, sijui nikushukuruje

Mama: Aika sana Ndeshi mwanangu. Mabegi 8 yote hayo mje na sweta za watoto, Desemba huku juu usiku ni baridi

Eliamani: Ndege inatua saa ngapi tarehe 22 nijue naazima gari gani, mabegi 8 na watu 4 kagari kangu hakatoshi

Aneth: Saa 7 mchana kaka

Eliamani: Nitamwomba Mzee wa hapo jirani Hiace yake. Saa 6 niko KIA