Majirani Geti ya Bluu, Section 58 Nakuru: yule mbwa wa kahawia

06:41 Mama Wanja (Na. 4): Majirani habari za asubuhi. Yule mbwa wa kahawia wa sikio limekatika ameonekana tena pale kwa mchoma mahindi. Hana mwenyewe. Anatembea akiyumba, taya imelegea, mate yananing'inia mpaka kifuani. Watoto wakae ndani ya geti mpaka gari ya shule ifike

06:42 Mama Wanja: Na msimrushie mawe. Mkimkimbiza ataingia kwa ploti ya mtu

06:58 Njoro wa Boda: Jana jioni nilimpata ameuma tairi ya wilibaro ya Fundi, ameshika hio raba hataki kuachilia. Nikasema huyu leo amekosa sapa

07:03 Fundi Saidi: Alama za meno ziko mpaka saa hii. Mpini pia ameutafuna

07:04 Mama Wanja: Fundi usiishike na mkono uko na kidonda. Mwaga maji ya sabuni kwanza

07:06 Mama Wanja: Kuna mtu ameumwa ama amekwaruzwa? Semeni sasa, si kesho

07:31 Kui Na. 12: Tokeni ya stima imekataa kuingia, ni mimi peke yangu?

07:32 Njoro wa Boda: Labda mbwa ameuma waya 😂😂

07:33 Kui Na. 12: 😂😂 na vile nilikuwa nimeweka nguo kwa maji

07:34 Mama Wanja: Njoro tafadhali, si leo

07:48 Mama Wanja: Nimeongea na afisa wa mifugo wa wadi. Ameniuliza mbwa ako wapi, anafanya nini, ameuma nani, ako na mwenyewe ama hana. Amesema kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kuripotiwa kwa lazima, hata kama ni shaka tu, kwa hivyo asiwepo mtu wa kuniambia najipendekeza kwa ofisi. Mbwa ako na mwenyewe anafungiwa siku 10 anaangaliwa, kama kichaa kilikuwa kwa mate wakati aliuma basi hizo siku hazimpati mzima. Huyu wetu hana mwenyewe kwa hivyo watakuja wenyewe kumtafuta. Na kitu kingine, mtu asimpige kichwani. Wanapima ubongo kujua kama ni kichaa, kichwa kikipondwa hakuna cha kupima

07:55 Mama Chebet: Na nyani wa park je? Jana mmoja ameingia jikoni kwangu akabeba sufuria na mfuniko wake

07:56 Njoro wa Boda: Alikuwa anapelekea bibi

07:59 Mama Wanja: Chebet wale ni wa KWS, watu wa wanyamapori, wako na namba ya kupiga bure. Mbwa, paka, punda na ng'ombe ndio wa ofisi ya mifugo. Tukichanganya simu zote tunazungushwa siku nzima

08:02 Mama Wanja: Sasa la pili. Afisa anasema tukifikisha mbwa kama 15 wa hapa kwetu Jumamosi asubuhi atakuja na chanjo hapa getini, hatutaenda mpaka mjini. Kila mtu aandike ako na wangapi, kuanzia miezi mitatu kwenda juu. Paka pia. Mimi wawili

08:20 Fundi Saidi: Mmoja

08:21 Kui Na. 12: 👍

08:22 Mama Wanja: Kui 👍 ni wangapi?

08:40 Baba Tito (Na. 9): Mimi mbwa wangu hawatoki nje ya geti yangu. Nilikuwa na Simba, nikamtoa nje vile mlisema eti tufungue njia, akarudi akitoa povu akafia kwa mlango watoto wangu wakiangalia. Nyama ilitupwa usiku na aliyetupa ako kwa hii grupu anasoma. Leo mnaniambia nilete mbwa wapangwe laini kwa watu?

08:44 Mama Chebet: Baba Tito hayo tulimaliza

08:45 Baba Tito: Mlimaliza nyinyi. Mimi nilizika

08:47 Njoro wa Boda: Lakini Simba alikuwa anakula viatu za watu pia

08:47 Njoro wa Boda: _Ujumbe huu umefutwa_

08:52 Mama Wanja: Baba Tito pole, na sikudharau. Simba hata mimi alinisindikiza sana nikitoka zamu ya usiku. Lakini huyu wa kahawia usiku anapita chini ya fensi yako, na wako wakiumwa bila chanjo tutarudi kulia hapo hapo kwa mlango wako. Daktari anaweza kuingia kwako, usiwatoe. Niandike wangapi?

10:17 Mama Achieng (Na. 7): Samahani simu ilikuwa kwa loka nikiwa kazini ndio naona. Junior aliumwa jana kama saa kumi na mbili akitoka kununua maziwa. Ni nyuma ya mguu, alama mbili ndogo kama punje ya mahindi, damu haikutoka sana. Shosho yake alipaka mafuta ya taa akafunga na leso. Ameenda shule, hata hachechemei

10:18 Mama Wanja: Mbwa gani Achieng???

10:18 Mama Achieng: Wa kahawia. Wa sikio

10:18 Mama Wanja: Mtoe shule saa hii

10:19 Mama Wanja: Nimeuliza tangu asubuhi jamani

10:24 Sister Moraa: Mama Achieng mimi niko wadini hospitali kwa hivyo nitaandika haraka. Fungua hio leso. Osha na sabuni ya kipande, maji yakitiririka, dakika 15 kwa saa, si kukadiria. Hata kama ni jana bado osha. Usipake mafuta ya taa, pilipili wala majivu, na usifunge. Kisha hospitali LEO aanze sindano. Kidonda kuwa kidogo haimaanishi kitu, ugonjwa unapita kwa mate

10:33 Mama Achieng: Asante sister. Lakini si mara ya kwanza kuumwa, mwaka juzi paka alimkwaruza na akapona na maji ya chumvi. Na mwezi uko katikati, mshahara bado. Nilikuwa nasema nimwangalie mpaka mwisho wa mwezi, nikiona homa nimpeleke

10:34 Sister Moraa: Ukiona homa umechelewa

10:51 Mzee Barasa: Achieng binti yangu. Mimi siandikangi hapa, huwa nasoma tu. Tulikuwa ndugu wanne kwetu Kimilili. Wa mwisho aliitwa Wafula. Aliumwa na mbwa wa jirani kwa kidole, kidonda kikapona kikakauka, tukasahau kabisa. Ilipita karibu miezi miwili. Siku moja mama akampa maji kwa kikombe cha bati, mtoto akatetemeka akakitupa. Akitaka kunywa koo inafunga. Hata kusikia maji yakimwagwa kwa sufuria alikuwa anapiga kelele. Siku ya tatu tukamzika. Wakati huo sisi hatukuwa tumejua kuna sindano. Wewe umejua. Mchukue mtoto sasa, pesa ya sindano na ya gari nitalipa mimi. Barasa.

10:58 Mama Achieng: Nimetoka kazini Mzee. Niko njiani kwenda shule

10:59 Njoro wa Boda: Mama Achieng nikusubiri hapo stejini. Usilipe

11:15 Baba Tito: Mzee pole kwa ndugu yako. Hatukujua

11:20 Mzee Barasa: Asante. Na mambo ya Simba niachie mimi, Tito. Nilikuwa macho usiku ule. Mwenye kutupa nyama anajua nilimwona. Si ya kuongewa kwa simu.

11:21 Mama Chebet: 🙏

12:36 Mama Wanja: Mbona grupu imenyamaza? Bado nahesabu mbwa

13:05 Mama Achieng: Kliniki ya kwanza wamesema chanjo hawana. Tuko kwa hospitali kubwa sasa, tumechukuliwa

14:48 Mama Achieng: Amechomwa ya kwanza, na nyingine wamedunga kwa kidonda chenyewe, hapo ndio amelia. Kadi imeandikwa leo ni siku ya 0, turudi ya 3, 7, 14 na 28. Mzee nimepata M-Pesa, Mungu akubariki

14:50 Mama Wanja: Asante Yesu. Hizo tarehe nitazikumbusha hapa mimi mwenyewe, hata ukasirike

15:10 Kui Na. 12: Kwani tunachanga ya Junior? Na kama tunachanga ile salio ya geti si ilibaki

15:12 Mama Chebet: Salio gani Kui? Salio iliisha na kufuli

15:13 Mama Wanja: Hio tutaongea tukikutana. Mzee asibebe peke yake, lakini wacha kwanza tumalize mbwa

16:25 Fundi Saidi: Watu wa mifugo wamekuja na gari, wamezunguka na mimi mpaka karibu na fensi ya park. Hawajampata. Mama wa sukuma anasema alimwona saa sita akielekea reli

16:27 Mama Wanja: Basi leo jioni hakuna mtoto kwenda dukani peke yake. Na wale mnamwaga ugali na mifupa pale kona, mnamwita nyinyi

16:40 Baba Tito: Aje Jumamosi. Nitaona

16:41 Mama Wanja: Baba Tito nitaona ni wangapi?

17:52 Baba Tito: Watatu. Lakini aingie peke yake

17:55 Mama Wanja: Tumefika sita na paka mmoja. Namba 2, 5, 11 na 14 nawaona mmesoma. Andikeni. Na nani ako na kamba ndefu?

20:14 Mama Achieng: Amelala. Kadi nimeibandika kwa mlango wa friji

20:31 Mama Wanja: Namba 11?