Tupeane uzoefu: mzazi akifariki, nyumba ya kaunsili inabaki kwa nani?

Binti Mvita (London)
Asalaam aleikum wanajamvi. Mama alitutoka mwaka jana. Matanga hayajaanuliwa, barua ya halmashauri ikafika: nani anaishi humo, na kwa haki gani? Jamaa wa Mombasa wakashangaa. "Si nyumba ya mama yenu?" Nyumba haikuwa yake, ni ya kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, naye alikuwa mpangaji tangu 1994, na wasia peke yake usingetuzuia kutolewa.

Nilichojifunza ni hiki. Hapa England, kama mkataba wa kudumu wa kaunsili ulianza kabla ya tarehe 1 Aprili 2012, mtoto aliyeishi na mzazi miezi 12 ya mwisho kabla ya kifo anaweza kuurithi, mradi haujarithiwa kabla. Ulioanza tarehe hiyo au baadaye, sheria inamlinda mume, mke au mwenza. Mtoto anapata ikiwa tu mkataba wenyewe unamruhusu. Mimi nilipita kwa barua za benki, kadi za hospitali na daftari la wapiga kura, zote zina anwani ile. Wenzangu, yenu yalikwendaje?

Kaka wa Leicester
Pole sana dada, Mungu amrehemu mama.

Mimi nilimuuguza mzee miaka mingi, nikimpeleka kusafishwa damu, nikilala sebuleni. Majirani wote walijua. Lakini mzee alikuwa anapunguziwa robo ya kodi ya kaunsili (ushuru wa halmashauri, si kodi ya pango) kama mtu anayeishi peke yake. Fomu ilijazwa nilipokuwa chuoni Sheffield, na nilipohamia kwake haikuguswa tena. Ofisi ikaitoa faili ikauliza: marehemu alituambia yuko peke yake, wewe ulikuwa unaishi wapi? Nikaleta shahidi wa msikitini, barua ya muuguzi, risiti za duka la dawa. Havikufua dafu mbele ya ile fomu yenye sahihi ya mzee. Hata pesa niliyokuwa nalipa kila mwezi baada ya mzee kufariki hawakuiita kodi ya nyumba, waliiandika kuwa malipo ya kutumia jengo, nisije nikadai kuwa mpangaji. Mwishowe nilitoka.

Jamani, mwenye mzazi mgonjwa na anaishi naye, leo hii muulize kuhusu hiyo punguzo. Ni pauni chache kwa mwezi na zinaweza kuwaondolea makao. Inaniuma mpaka sasa.

Mama Salma
Kwetu shida ilikuwa nyingine. Mkataba ulikuwa na majina mawili, la mume wangu na langu. Alipofariki nikabaki mimi, nikadhani siku yangu ikifika atafuata mwanangu. Mshauri wa sheria akanieleza kwamba kubaki kwangu ndiko kulikohesabiwa urithi, na urithi ni mara moja tu. Mwanangu hana haki kisheria, anategemea sera ya halmashauri na huruma yao. Nimeshaandika barua waliweke jina lake kwenye faili kama mkaazi. Ni bora niulize nikiwa hai.

Mzee wa Glasgow
Huku Uskoti sheria ni tofauti, msichanganye. Tangu Novemba 2019 mtoto anatakiwa awe ameishi humo miezi 12, na hiyo miezi inahesabiwa tangu mwenye nyumba alipoarifiwa kwamba yumo. Hamkuarifu, saa haijaanza kuhesabu.

Binti Mvita (London)
Ahsanteni, na pole kaka wa Leicester.

Sasa swali langu lililobaki. Nyumba yetu ina vyumba vitatu na tumebaki wawili. Nimeambiwa halmashauri inaweza kuomba mahakama ituhamishie nyumba ndogo, kwa notisi inayotolewa baada ya miezi 6 tangu kifo na kabla ya 12. Ni lazima watupe nyingine inayotufaa. Mdogo wangu ana mtihani wa sekondari mwakani na shule iko hatua chache tu. Kuna aliyehamishwa akapewa mtaa uleule? Mlisema nini mbele ya hakimu?