Cor Caroli inabadilika kweli, au ni kamera yangu?

Mwalimu wa Dunga, Kisumu
Hamjambo. Nafundisha fizikia. Tangu Februari nimekuwa nikipanda paani na kamera ya kuazima kupiga picha Cor Caroli, ile nyota ya kaskazini iliyo juu kidogo ya mkia wa Dubu Mkubwa. Daftarini nina vipimo vya usiku tisa. Usiku mwingine umeliwa na mawingu ya ziwani. Mwanga unapanda na kushuka kidogo sana, wala sioni mpangilio. Nasoma kwamba nyota hii ina usumaku mkali. Sasa sumaku inafifishaje mwanga? Kidato cha tatu waliniuliza nikakosa jibu, na jambo hili linanikosesha usingizi.

Fundi Lenzi, Nakuru
Mwalimu, sumaku haififishi mwanga. Kazi yake ni kutuliza gesi ya juu isikorogeke. Gesi ikitulia, atomu zinazosukumwa vizuri na mwanga hupanda, nyingine huzama, na usumaku huamua zitakusanyika wapi. Ndiyo maana Cor Caroli ina mabaka: sehemu zilizojaa elementi fulani, kama silikoni, kromi au yuropiamu. Baka hunyonya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, na nishati hiyo hutoka tena kama mwanga tunaouona.

Nyota hujizungusha mara moja kila siku 5.47. Baka likija upande wetu, mwanga hubadilika na mistari ya elementi hiyo kwenye spektra (mwanga uliotawanywa rangi kwa rangi) hukolea. Likienda nyuma, mistari hufifia. Nyota haijapungua kuwaka, imetugeuzia ubavu mwingine tu. Usumaku nao husomwa kwenye mistari hiyohiyo, kwa jinsi inavyopasuka. Mwanaastronomia Horace Babcock aliupima hivyo kwenye nyota 78 Virginis mwaka 1947. Baadaye akapata nyota yenye usumaku wa takriban gausi 34,000 (gausi ni kipimo cha nguvu ya usumaku). Wa Dunia yetu haufiki hata gausi 1!

Chukua idadi ya siku tangu usiku wa kwanza, gawanya kwa 5.47, tupa namba nzima, panga vipimo kwa desimali zilizobaki, ili usiku ambao nyota ilituonyesha ubavu uleule ukae pamoja.

Mama Kakamega
Na usipime Cor Caroli peke yake, mwalimu. Ilinganishe na nyota tulivu ya jirani katika picha ileile. Mabadiliko yenyewe ni kama asilimia 10. Wingu jembamba linakula zaidi ya hapo.

Mwalimu wa Dunga, Kisumu
Nimepanga upya leo alfajiri. Usiku wa 1 na wa 12 (nahesabu hata ule wa mawingu), uliokuwa kurasa tatu mbali, sasa umekaa ubavu kwa ubavu na vipimo vinalingana! Wa 7 ulitakiwa kuwa karibu na hapo lakini uko chini kabisa. Pembeni nilikuwa nimeandika: "ukungu".