MJADALA: Mtuhumiwa apewe muda gani kujibu kabla habari ya uchunguzi haijatoka?

Mleta mada
Ule mstari wa "alipotafutwa, simu yake iliita bila kupokelewa" umechosha. Kumpigia mtu saa kumi jioni wakati gazeti linaingia mtamboni saa mbili usiku si kumpa nafasi ya kujibu, ni kujitafutia kinga. Habari iliyochimbwa miezi mitatu istahili siku tano za kazi. Maswali yaandikwe, yapewe namba, kila tuhuma na tarehe yake, kiasi chake na mkataba wake. Tuma kwa baruapepe, na nakala ya karatasi igongwe muhuri masijala. Ukiuliza "una maoni gani kuhusu zabuni ile?" utajibiwa "taratibu zote zilifuatwa", na hapo umekwama.

Kalamu Kavu
Siku tano ni zawadi kwa wakili wake. Septemba 2009 kampuni ya kuuza mafuta ya Trafigura iliizuia The Guardian, gazeti la Uingereza, kwa amri ya mahakama, kuchapisha ripoti ya siri kuhusu taka zenye sumu zilizomwagwa Abidjan, Ivory Coast, mwaka 2006. Hata kuitaja amri yenyewe kulikatazwa! Ripoti ikakaa kifungoni hadi katikati ya Oktoba. Panama Papers, zile nyaraka zilizovuja kuhusu kampuni za siri za nje, nazo zilitoka 3 Aprili 2016, lakini Kremlin, ikulu ya Urusi, ilishapelekewa maswali, na msemaji wake akawahi kutangaza siku chache kabla kwamba wanaandaliwa mashambulizi. Wewe unapika, mwenzako anapakua. Saa 24, basi.

Karani wa Korti
Mosley dhidi ya Uingereza, kesi ya mtu aliyeanikwa gazetini bila kuarifiwa, 10 Mei 2011: Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa kulifanya kuwa sharti la kisheria kumtaarifu mhusika kabla ya kuchapisha. Kalamu Kavu asishangilie mapema. Kwenye kesi ya Albert Reynolds, waziri mkuu wa zamani wa Ireland, dhidi ya Sunday Times, mwaka 1999, majaji wa Uingereza walitoa vigezo kumi vya kupima kama gazeti lilitenda kwa uwajibikaji, kimojawapo kikiwa kama mlalamikaji aliulizwa, kingine kama kiini cha maelezo yake kiliandikwa. Toleo la Uingereza la gazeti hilo lilikuwa limeacha utetezi ambao Reynolds aliutoa bungeni Dublin, na hilo ndilo lililowaponza.

Dawati la Usiku
Mnabishana saa, wakati la msingi ni una nini mkononi siku barua ya maswali inatoka. Maombi ya nyaraka hutangulia kwa miezi: sheria za kupata habari za mwaka 2016 zinaipa ofisi siku 21 Kenya na siku 30 Tanzania. Omba mikataba ya miaka mitatu yote, si ule mmoja unaoutaka, la sivyo umeshawaonyesha unakochimba. Taarifa za wamiliki wa kampuni (kwa wasajili wa kampuni: BRELA Tanzania, BRS Kenya) zichapwe zikiwa na tarehe kabla hazijabadilishwa. Mashahidi wawe wameshahojiwa. Faili likishatimia, barua ziende kwa wahusika wote siku moja.

Na usimpelekee mtu nakala ya waraka, kamwe! Mwaka 2017 The Intercept, tovuti ya habari ya Marekani, walionyesha nakala ya waraka wa siri wa NSA, shirika la ujasusi wa mawasiliano, kwa serikali ya Marekani ili kuuhakiki. Mkunjo wa karatasi ukaonyesha kwamba ulichapwa kwa printa. Kumbukumbu za mitambo zikataja watu sita waliouchapa. Mmoja wao, Reality Winner, aliyeuvujisha, alikamatwa hata kabla habari haijatoka, akahukumiwa miezi 63. Andika ukweli kwa maneno yako. Namba ya ukurasa, maandishi ya kalamu pembeni, hata kosa la tahajia, vyote vinaweza kumuuza chanzo wako.

Mleta mada
La nyaraka nakubali. Ila wizara iliyoulizwa maswali 40 yenye hesabu haijibu kwa saa 24, tutakuwa tunadanganyana. Na tuhuma mpya ikiongezwa baada ya majibu, iulizwe upya. Kanusho likae jirani na tuhuma, si aya ya mwisho.

Kalamu Kavu
Saa 48 kwa mtu mmoja, siku tano kwa taasisi yenye hesabu za kutafuta. Lakini kwa mwenye rekodi ya kukimbilia mahakamani sijabadili msimamo: 24.

Karani wa Korti
Na ukizitoa hizo 24 Ijumaa jioni, usije ukamwambia jaji ulimpa nafasi.