Mjadala: Nero na zeze lake, alisingiziwa au alistahili?

Wakuu, habari za jioni. Kuna ile picha mnayoijua wote: Nero, Kaisari wa Roma, mnene, shada la majani kichwani, yuko roshani anapiga zeze, nyuma yake Roma inateketea. Yakitokea mafuriko au soko likiungua, lazima mtu airushe kwenye kundi la WhatsApp kumsema kiongozi fulani. Mimi nasema ni uongo. Povu ruksa.

Kwanza hilo zeze. Wengine wanamchora na fidla kabisa, kaibana kidevuni, wakati fidla imetokea Ulaya karne ya 16, zaidi ya miaka 1,400 baada ya yeye kufa. Chake kilikuwa kinubi.

Pili, moto wenyewe. Ulianza usiku wa kuamkia Julai 19, mwaka 64 baada ya Kristo, kwenye maduka ya pembeni mwa Circus Maximus, uwanja wa mbio za farasi, yakiwa yamejaa bidhaa za kushika moto, na upepo ukavuma. Ukawaka siku sita, ukafifia, ukaibuka tena. Kati ya wilaya 14 za mji zilipona nne tu. Nero alikuwa Antium, pwani, kama kilomita 50 hivi. Aliporudi aliwafungulia waliounguliwa bustani zake, akaagiza chakula kutoka bandari ya Ostia, akashusha bei ya nafaka. Anayeyasema hayo ni Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, ambaye wala hakumpenda, na habari ya kuimba anaiita uvumi. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji: Mkuu, umeruka mstari. Tacitus huyohuyo anasema Nero hakurudi mpaka moto ulipoikaribia nyumba yake. Hapo vipi? Suetonius, mwandishi mwingine wa Kirumi, anasema aliimba anguko la mji wa Troya juu ya mnara wa Maecenas, kavaa nguo za jukwaani. Cassius Dio, mwanahistoria naye, anamweka juu ya paa la ikulu. Halafu mwaka huohuo alikuwa keshapanda jukwaani Naples, umma unamtazama. Mtu umezoea kumwona ngomani, siku nyumba ikiungua jirani atasema alikuwa wapi?

Mleta mada: Hapo kwenye nyumba umenishika, sibishi. Ila watazame mashahidi wako. Suetonius alizaliwa miaka kama mitano baada ya moto, Dio karne nzima baadaye. Mmoja anasema mnara, mwingine paa, na uvumi wa Tacitus unataja jukwaa la nyumbani kwake. Kesi hiyo haivuki hata mahakama ya mwanzo.

Kinachoniudhi ni kwamba tumemkamata kwa kosa lisilo na ushahidi, tukamwachia lenye ushahidi. Mji haujapoa, akajijengea Domus Aurea, yaani Nyumba ya Dhahabu, ikulu kwenye ardhi iliyoungua, na ziwa la kuchimba pale lilipokuja kusimama Colosseum. Lawama za moto akawatwika Wakristo, wengine wakachomwa usiku wawe taa. Mchoraji Siemiradzki alilichora hilo mwaka 1876, picha iko Kraków, Poland: watu wamefungwa juu ya nguzo, wameviringishiwa majani makavu, wenye vijinga wako chini wanangoja amri, na Nero kaletwa kwenye machela ya dhahabu kutazama. Hana haja ya zeze.

Hiyo mbona hakuna anayeirusha kwenye kundi?