Websaiti tunayo lakini wageni wote wanatokea Booking, nyie buking za moja kwa moja mnazipataje?

Jambiani_Kusini aliandika:

Asalaam aleykum wakuu. Sisi ni familia, tuna bangaloo tatu hapa Jambiani, Zanzibar, karibu na pwani, mama anasimamia jiko, mdogo wangu yupo mapokezi, mimi ndo nashika simu na mambo yote ya mtandaoni. Wageni tunao alhamdulillah, Julai mpaka Septemba na kipindi cha Krismasi tunajaa, tatizo karibu wote wanapitia mitandao ya kubuki vyumba, wengi Booking.com na wachache Airbnb. Hesabu inauma jamani, bangaloo tunatoa dola 80 kwa usiku, mgeni wa wiki ni 560, ikikatwa kamisheni ya asilimia 15 inaondoka dola 84, yaani usiku mmoja kati ya saba tunawafanyia kazi wao.

Websaiti tulitengenezewa, ina picha nzuri, ina bei, ina fomu ya mgeni kujaza tarehe. Kinachokuja kwenye fomu ni matangazo ya watu wanaotaka kutuuzia SEO, yaani kuipandisha websaiti juu kwenye Google, basi. Sasa nauliza wenye uzoefu, nilipie matangazo ya Google? Nikazane Instagram? Nishushe bei? Na Mzungu atalipaje kwangu, maana yeye anataka kadi.

---

BiShemsa_Paje alijibu:

Waaleykum salaam mdogo wangu. Hela ya matangazo iweke pembeni kwanza. Ukilipia neno kama "hoteli Zanzibar" unashindana na hao hao Booking na mahoteli makubwa ya Nungwi, huwawezi, na mtu anayeandika neno hilo bado hajui hata anataka kulala kijiji gani.

Mgeni wako wa moja kwa moja ni mtu ambaye jina lako ameshaliona. Ndivyo wanavyofanya wengi, anaperuzi Booking, anaipenda nyumba, halafu anafungua Google anaandika jina la nyumba aone kama mwenyewe ana websaiti na bei ikoje huko. Huyo amefika mlangoni kwako, swali ni anakuta nini. Hebu chukua simu ya mtu mwingine, sio yako maana yako imeshakuzoea, andika jina la nyumba yenu kisha uangalie. Kama kinachotokea juu ni Booking, chini yake Tripadvisor, na websaiti yenu ipo huko chini au haipo kabisa, basi hapo ndipo panapovuja. Mara nyingi sababu ni jina, Booking mmeandika hivi, Instagram vile, kibao cha barabarani kingine. Liwe moja kila mahali, herufi kwa herufi.

Halafu ramani ya Google, ile Business Profile, ni bure. Nyumba moja tupu ya kukodisha hawaikubali kule, lakini nyie mna vyumba na mtu wa mapokezi kwa hiyo mnaingia kama nyumba ya wageni. Jaza kila kitu, namba ya simu, picha za sasa, na linki ya websaiti yenu wenyewe. Wageni wanapoondoka waombe kwa adabu waandike maoni huko huko Google, kwa sababu maoni ya Booking yanabaki Booking, siku ukiondoka huondoki nayo.

Na hiyo fomu itoe mdogo wangu. Mtu yupo Milano saa nne usiku, mke yuko pembeni, tiketi za ndege ziko wazi kwenye kompyuta, anataka kumaliza usiku ule ule. Fomu inamwambia "asante, tutakujibu", Booking inampa uthibitisho sekunde hiyo hiyo. Atakwenda wapi? Weka kalenda inayoonyesha siku zilizo wazi, bei kamili hapo hapo pamoja na kodi, na kitufe cha kubuki. Na WhatsApp pembeni kwa mwenye swali, lakini ijibiwe.

---

fundi_tovuti_Mbweni alijibu:

Bi Shemsa kamaliza, mimi niongezee upande wa ufundi.

Kalenda usiandike kwa mkono, utakuja kupokea familia mbili kwa chumba kimoja. Booking na Airbnb wote wanatoa linki ya iCal, yaani linki ya kalenda yao, unaibandika kwenye mfumo wako wa kubuki na ya kwako unaibandika kwao, siku zinafungana zenyewe. Ila jua kwamba iCal haiendi papo hapo, inaweza kuchukua saa kadhaa kujisasisha, sasa kwa Agosti ambapo vyumba vinagombaniwa saa kadhaa ni nyingi. Kwa bangaloo tatu mimi ningelipia mfumo unaoungana nao moja kwa moja, ipo Beds24, Smoobu, Lodgify na mingine, unalipa kwa mwezi, na yote inakuja na kitufe cha kubuki unachokiweka kwenye websaiti uliyonayo, huna haja ya kutengeneza upya.

Malipo: Stripe, ile huduma ya kupokea kadi mtandaoni ambayo kila video ya YouTube inaitaja, hawafungui akaunti kwa biashara ya Tanzania, usipoteze muda. Watu wa utalii hapa wengi wanatumia Pesapal au DPO, zote zinapokea Visa na Mastercard na pesa za simu, na unaweza kumtumia mgeni linki ya malipo hata kwa WhatsApp akalipa depoziti. Kuna makato lakini hayafiki popote karibu na asilimia 15 ya Booking. Kitu kimoja nakiomba sana, msimwambie mgeni atume namba ya kadi kwa imeili au WhatsApp, naona bado watu wanafanya, ni hatari kwake na kwenu.

Nyingine ni uzito wa picha. Nimefungua websaiti nyingi za huku, ukurasa wa kwanza una picha kumi kama zilivyotoka kwenye kamera, kila moja megabaiti nane. Mgeni yuko kwenye treni na simu, anasubiri, anarudi nyuma. Punguza ziwe chini ya kilobaiti 200 kila moja, macho hayataona tofauti. Na bei isiwe imefichwa ndani ya PDF.

---

mwani_na_upepo alijibu:

Kuna jambo hawajaligusa. Websaiti zetu zote zimeandikwa maneno yale yale, pepo ya duniani, mchanga mweupe, ukarimu. Hakuna mtu anayetafuta maneno hayo Google. Wanachotafuta ni yale maswali wanayokuuliza kila siku kwa WhatsApp.

Chukua suala la maji tu. Kila mgeni wa pwani ya mashariki anaogopa kufika akute bahari imekimbia, kasoma mahali kwamba Jambiani huwezi kuogelea. Sasa wewe mwenye nyumba andika ukurasa mmoja umweleze kweli ilivyo: maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, yakijaa saa kumi jioni leo kesho yatajaa kama saa kumi na dakika hamsini, kila siku yanasogea hivyo. Siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, saa nne asubuhi maji yako mbali huko kwenye mwamba na kina mama wako kwenye mwani, mtu anatembea, jioni yanarudi mpaka kwenye ngazi. Siku za maji mafu hayaendi mbali hivyo. Halafu kwa tarehe zake alizobuki mwambie maji yatajaa saa ngapi. Booking hawawezi kuandika hivyo, hawaijui pwani yenu. Mgeni akisoma anajua huyu ni mtu wa hapo kweli.

Andika na mengine hivyo hivyo. Kusi na kaskazi kwa wageni wa kite, wale wanaoteleza majini kwa tiara, mwezi gani upepo unavuma na mwezi gani umelala. Kutoka uwanja wa ndege wa Karume mpaka kwenu ni muda gani na teksi bei gani. Sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi mwezi Julai, ni jirani kabisa na kwenu. Ile bima ya lazima ya wageni iliyoanza Oktoba 2024, dola 44 kwa mtu mzima ilipoanza, weka maelezo mafupi na linki ya serikali yenyewe. Na kama una mtu anayejua Kitaliano, Kifaransa au Kijerumani vizuri mpe akuandikie, usitumie tafsiri ya mashine bila mwenye lugha kuipitia.

---

Jambiani_Kusini aliandika:

Nimewaelewa sana, kumbe hata jina letu Booking lina neno "beach" na kwenye kibao halipo. Ila bei je? Nikiweka 70 kwenye websaiti na 80 Booking si watanifungia? Na hawa wa Airbnb walioshakaa kwetu na wanataka kurudi, naruhusiwa kuwaambia waje moja kwa moja?

---

BiShemsa_Paje alijibu:

Bei soma mkataba uliousaini wewe, vipengele vinatofautiana. Mimi bei ya chumba huwa siigusi, naongeza kitu. Anayebuki kwetu anachukuliwa uwanja wa ndege bure akikaa siku tano na zaidi, au anapewa chakula cha usiku wa kwanza, maana anafika kachoka na hajui pa kwenda. Mtu anathamini kupokelewa kuliko kupunguziwa dola kumi. Iandike wazi pale juu kwenye websaiti, sio kwenye ukurasa wa ndani asikoingia mtu.

Airbnb wanakataza kumtoa mgeni waliyekuletea wao, hata kwa safari zijazo, kwa hiyo usimwandikie habari hizo na usimshawishi, utapoteza akaunti. Lakini jina la nyumba liko kwenye kibao, liko Instagram, akiondoka na kumbukumbu nzuri ya mama yako na samaki wake wa nazi atawatafuta mwenyewe, na atamwambia dada yake. Huyo dada yake anayekutafuta kwa jina hana mkataba na mtu. Wale waliobuki kwako tangu mwanzo ndio wa kuwaomba imeili, ukiwauliza kwanza kama wanakubali, halafu mwezi wa pili uwaandikie barua fupi kwamba Julai inafunguliwa, waanze wao kabla hujaachia siku hizo kule kwingine. Siku za msimu ndio silaha yako. Aprili na Mei wakati wa masika waachie Booking wajaze, hapo kamisheni yao ni halali yao.

---

mgeni_wa_Dar alijibu:

Mimi nazungumza kama mteja. Sisi wa bara tunakuja Idd, Pasaka na Desemba, na hatutumii Booking sana, tunaona Instagram tunauliza WhatsApp. Kinachotukimbiza ni kuogopa kutapeliwa, kuna watu wanaiba picha za nyumba ya mtu wanapokea depoziti kwa namba binafsi kisha wanazima simu. Ukinipa namba ya mtu jina silijui, situmi. Ukinipa lipa namba inayotoa jina la biashara lile lile lililopo kwenye websaiti, na namba ya leseni ya Kamisheni ya Utalii iko chini ya ukurasa, na video fupi mtu anatoka barabarani anaingia mpaka chumbani, natuma muda huo huo. Na bei ya wakaazi iandikwe kwa shilingi, tusiwe tunaulizia kila mara. Na masharti ya kughairi pia, nikighairi wiki mbili kabla narudishiwa kiasi gani, wengi hamuandiki na ndo swali la kwanza la mke wangu.

---

Jambiani_Kusini aliandika:

Leseni ipo ofisini ukutani, naipiga picha leo. Fundi wa Mbweni naomba nikufuate inbox kuhusu kuunganisha kalenda kabla ya Juni.